Ukulele ya kibuyu: vipimo vyangu na mahali kazi inapoharibika

Kwa ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) ninayotengeneza hapa Bukavu, Kongo, vitu vya kununua dukani ni viwili tu: nailoni ya kuvulia samaki na kole, yaani gundi, nyeupe ya maseremala. Vingine vinatoka sokoni, kwa muuza nyama, na kwenye mabaki ya mbao ya seremala jirani. Kinacholiwa sana ni siku za kusubiri, maana huku mvua inatushika karibu miezi tisa, na hakuna kitu kinachokauka kwa haraka.

Kibuyu kwanza. Tafuta cha duara, upana wa sentimita 19 hivi, ganda lisipungue milimita 5. Kitikise: mbegu zikilia, kimekauka. Kikiwa kizito na kimya bado kina maji, na ukikikata hivyo, wiki inayofuata ukingo umejipinda na ubao hauukalii tena. Ukungu mweusi wa nje usikutishe, unatoka kwa maji na waya wa kusugulia sufuria. Ila kibuyu kilichozoea maziwa kiache: mafuta yameshaingia kwenye ganda na kole haishiki.

Kikalishe kwa kitako. Weka penseli juu ya kipande cha mbao chenye kimo cha sentimita 7, kisha zungusha kibuyu taratibu kwenye ncha yake, mstari unajichora wenyewe. Kata kwa msumeno wa chuma, kwa sababu meno makubwa ya msumeno wa mbao yanapasua ganda. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, vumbi lake linakohoza vibaya. Ndani loweka siku moja, kwangua kwa kijiko, kausha tena. Ukingo unanyooshwa kwa kuusugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao bapa. Kwa kumalizia nje, majani makavu ya mti wenyewe wa msasa yanatosha.

Shingo ni kijiti kimoja cha mti wa grevilea, sentimita 55 kwa 4 kwa 2.5, kinachopita ndani ya kibuyu na kutokeza upande wa pili. Hapa wengi wanabana matumizi vibaya: wanagundisha shingo fupi ukingoni. Nyuzi nne zinavuta karibu kilo 12 kwa pamoja, na ganda peke yake haliwezi kubeba mvuto huo. Linabonyea, nyuzi zinapanda juu na vidole vinaumia. Kijiti kikipita chote, mzigo wote ni wake. Sehemu iliyo ndani ichonge mpaka iwe milimita 6 chini ya ukingo ili isiguse ubao wa uso, na sehemu ya nje uso wake uzidi ubao kwa milimita 4.

Ubao wa uso, ule unaofunika kibuyu, ni wa mti wa sipre, unene milimita 2, na tundu la sauti la sentimita 5. Chini yake weka vipande viwili vyembamba vya mwanzi, kimoja upande wa juu wa tundu na kingine upande wa chini. Kuna wanaopenda ngozi ya mbuzi. Inalia vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua ikianza Septemba inalegea. Mimi niliiacha.

Nyuzi zinafungwa kwenye ncha ya kijiti inayotokeza nyuma, zinapita juu ya kidaraja (kipande kinachoinua nyuzi juu ya ubao) cha milimita 10 ambacho hakigundishwi. Faida yake utaiona mwishoni. Kule juu ya shingo, nyuzi zinakopita kwenda kwenye vigingi vya kuzikazia, weka mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa mpaka mafuta yaishe na kuanikwa. Toka mfupa huo mpaka kidaraja ni milimita 350.

Freti, vile vizuizi vya shingoni vinavyogawa noti, ni vijiti vya mwanzi vya upana wa milimita 2, ganda la nje likitazama juu kwa sababu ndilo gumu. Nailoni hailikwaruzi upesi. Umbali kutoka kwenye mfupa, kwa milimita: 19.6, 38.2, 55.7, 72.2, 87.8, 102.5, 116.4, 129.5, 141.9, 153.6, 164.6 na 175. Pima kila moja kutoka mfupani. Ukipima kutoka freti iliyotangulia, kosa la nusu milimita linajumlishwa mara kumi na mbili, na huko juu hakuna noti inayokubaliana na nyingine.

Kwa nyuzi, unene ndio kila kitu. Uzi wa noti ya la ni milimita 0.6, mi 0.8, do 1.0, sol 0.7. Kwa urefu huu kila moja inavuta karibu kilo 3. Ukitumia 0.6 kwa zote, do inavuta kilo moja tu: inalegea na kugonga freti. Ukitumia 1.0 kwa zote, la inafika karibu kilo 9 na vigingi vinarudi nyuma. Sol ni ile ya juu, iko kati ya mi na la. Kama una gitaa karibu, la ni kaze (nafasi ya freti) ya tano ya uzi mwembamba, sol ni kaze ya tatu, mi ni uzi huohuo bila kubonyeza, na do ni kaze ya kwanza ya uzi wa pili. Nailoni mpya inaendelea kunyooka siku tatu au nne, usimlaumu fundi.

Sasa kidaraja. Bonyeza freti ya kumi na mbili, halafu gusa uzi hapohapo bila kuubonyeza. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kidaraja nyuma, milimita 1 au 2. Kingekuwa kimegundishwa, ungebomoa.

Vigingi nachonga kwa mti wa mpera, na matundu yake nayachoma kwa chuma cha moto kilichochongoka. Mwezi wa saba vinateleza, pakaa chaki. Mwezi wa kumi na moja vinavimba na kukwama, pakaa sabuni kavu. Nina mfuko mdogo wenye vyote viwili, unafungwa kwenye ncha ya kijiti kule nyuma.