Vile nilipekua Hansard ya Seneti kwa sababu ya mdomo wa mjomba

Mjomba wangu ana tabia ya kufunga mjadala kabla haujaanza. Siku hiyo kwenye grupu la familia akaandika kwamba Mutula Kilonzo Junior, miaka yote aliyokuwa seneta wetu wa Makueni, alikuwa anaenda Nairobi kupasha kiti joto, halafu jioni anatokea kwenye runinga. Mimi na kiherehere changu nikajibu, "Mjomba, nitakuletea kila alichosema mle Senetini." Kila alichosema! Yule mtu aliingia kwa uchaguzi mdogo wa Julai 2013 akakaa mpaka 2022. Sikujua nilichokuwa nakiahidi.

Ushauri ukaanza kumiminika, mwingi wa kijinga. Binamu yangu akasema nitazame tu video. Nikatazama jioni mbili nzima, vyote ni vipande vya dakika moja moja watu wanarushiana maneno, hujui ni mswada gani wala nani alimjibu nani, vimewekwa pale ili uchekeshwe. Mwingine, anayejisifu kwamba anajua mambo ya bunge, akaniambia Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya maneno yote yanayosemwa bungeni, haitolewi mpaka uandike barua rasmi. Uongo. PDF ziko kwenye tovuti ya bunge, bure, kila kikao na tarehe yake. Kuna tangazo kwamba nakala hiyo ni ya kutoa habari tu na ukitaka iliyothibitishwa uiombe kwa mkurugenzi wa Hansard, nadhani jamaa alisoma hapo akaishia hapo.

Basi nikaanza kudaunlodi. Bando ilikwenda kama shilingi elfu moja hivi au zaidi, sikupiga hesabu, na simu ilikuwa inachemka kama pasi mpaka nikaenda kuazima laptopu.

Sasa niwaambie ujinga wangu maana huu ndio utamu wenyewe. Nilifungua kila PDF nikatafuta neno "Mutula", nikawa naweka vijiti kwenye daftari, vile vya nne na kimoja cha kukata. Usiku wa tatu daftari limejaa, nimefurahi, nimeshatunga kichwani ujumbe wa kumtumia mjomba. Nikarudi kwenye vikao vya mwanzo kabisa vya 2013 kumalizia, nikaona vijiti vinaongezeka huko nako. Nikashtuka. Aprili 2013? Junior alikuwa hata hajachaguliwa! Nilikuwa namhesabia baba yake. Mutula Kilonzo mzee ndiye alikuwa seneta wa kwanza wa Makueni chini ya katiba mpya, akafariki mwezi huo huo wa Aprili, na mwanawe ndiye aliyeziba pengo. Nilikaa nikicheka peke yangu saa nane za usiku, mke wangu akadhani nimerukwa na akili.

Na si hilo tu. Kumbe nilikuwa nahesabu pia kila mara seneta mwingine alipomtaja, "kama alivyosema Sen. Mutula", kijiti! Nikachana zile kurasa zote.

Ujanja uliponijia ulikuwa mdogo sana, nukta mbili. Mtu akisimama kuongea, Hansard inaandika jina lake halafu nukta mbili, ndipo maneno yake yanafuata. Kwa hiyo unatafuta "Sen. Mutula Kilonzo Jnr.:" na hizo nukta zake, wanaomtaja tu wote wanaondoka. Niliona kama nimegundua umeme. Lakini ukimtafuta mtu mwenye cheo, angalia, seneta James Orengo alipokuwa kiongozi wa wachache, yaani wa upinzani, wanaanza na cheo, jina lake linakaa ndani ya mabano, nukta mbili zinakuja baada ya mabano. Boni Khalwale ana udaktari kabla ya jina. Na Wetang'ula, hapo nilitaka kulia, ile alama ya juu kwenye jina lake ukiipiga kwa kibodi si sawa na iliyo kwenye PDF, unaambiwa hayupo kabisa, mtu aliyekuwa kiongozi wa upinzani miaka mitano! Tafuta "ula" tu, utampata pamoja na takataka zingine.

Halafu vijiti vyenyewe nikaviacha. Mtu anatoa hotuba moja, anakatizwa na hoja za nidhamu mara nne, jina lake linaandikwa upya mara tano. Mwingine kasimama mara tano kusema "Bw. Spika, hoja ya nidhamu" na kuketishwa. Kwenye daftari wanalingana! Kwa hiyo wanaotoa orodha za nani kaongea mara ngapi, mimi siku hizi nawatazama tu.

Ndipo nikaamua niache miaka yote nishike jambo moja, ile fomula ya kugawa pesa za kaunti ya 2020. Pale kulikuwa na shilingi bilioni 316.5 na mvutano wa wiki nyingi, maana fomula mpya ilikuwa inaongeza huku inapunguza kule, na kaunti kama Wajir, Mandera na Tana River ndizo zingeumia. Raha ya kusoma pale ni kwamba upinzani haukai upande mmoja. Baada ya handisheki ya 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa upinzani walipopatana, ilikuwa hata vigumu kujua nani mpinzani, na Mutula unamkuta ngome moja na seneta Murkomen, ambaye kabla ya Mei mwaka huo alikuwa kiongozi wa walio wengi. Kikao cha Agosti 17 nilikifungua nikitarajia mahesabu, kumbe ndiyo siku polisi waliwakamata maseneta Malala, Lang'at na Lelegwe. Hesabu zikawekwa kando.

Hapa nukta mbili zangu nazo zikanisaliti. Kwa mambo yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, zinahitajika 24, na kura zinaandikwa kwenye orodha, jina la seneta, koma, kaunti. Nukta mbili hakuna! Nilikuwa nimesoma maneno yake yote na kukosa kura zake zote. Tafuta jina la kaunti yako, usitafute mtu.

Nilimpelekea mjomba daftari lenyewe, nikamsomea mpaka Septemba 17, siku fomula ilipopita, baada ya rais kuahidi nyongeza ya bilioni 53.5 kwa mwaka uliofuata. Hakuniambia pole wala hongera, aliomba tu miwani yake.

Juzi kanipigia. "Mpwa wangu, ile Seneti ya kwanza, ya 1963, ilikuwa na viti 41. Enzi hizo sisi wa Makueni tulikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Hebu nitafutie yule seneta wetu alikuwa anasema nini mpaka wakaivunja 1966."

Nimemwambia bando imeisha.