Gari moja, wanafunzi kumi: hesabu ya shule ya udereva

Shule nyingi za udereva mitaani kwetu Tanzania zimeanza na Corolla moja ya gia za mkono, mwalimu mmoja na chumba cha kujazia fomu. Miaka ikienda bango linakuwa kubwa, na mwenye shule anapima ukuaji kwa majina yaliyomo daftarini. Kipimo hicho kinadanganya. Cha kuhesabu ni muda ambao gari liko barabarani na mwanafunzi kashika usukani.

Chukua gari linalofanya kazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ni masaa 10, ila toa foleni, kituo cha mafuta na chakula cha mwalimu. Vinabaki vipindi 8. Kwa siku 6 za wiki ni vipindi 48. Wanafunzi wakija mara 5 kwa wiki, gari hilo linatosha watu 9, au 10 kwa kuwa wapo watakaokosa. Kozi ya vipindi 20 inaisha kwa wiki 4. Andikisha 25 kwa gari hilohilo, kila mmoja anaambulia vipindi viwili kwa wiki na kozi ya mwezi inakwenda zaidi ya miezi miwili. Hapo ndipo hila zinapoanza: wanne wanapakiwa pamoja, mmoja anaendesha dakika 15, watatu wanatazama kutoka siti ya nyuma. Kutazama kunamsaidia mwoga kuzoea barabara, lakini mguu wake wa kushoto haujifunzi chochote.

Na mguu huo ndio unaokula faida ya shule. Mwanafunzi mpya anakanyaga mafuta kwa hofu ya kuzima, huku klachi ameishikilia nusunusu. Anabalansi mlimani bila handbreki mpaka harufu ya kuungua inaingia ndani. Klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, inalika haraka kuliko kwenye gari la nyumbani. Dalili zinajulikana: injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, na pedali inaanza kushika ikiwa juu kabisa. Kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handbreki, weka gia ya tatu kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Usirudie jaribio hilo mara nyingi, maana lenyewe linachoma. Gia boksi ikishashushwa, badilisha klachi pleti, presha pleti na bearing yake kwa pamoja. Kuokoa pesa kwa kurudisha bearing ya zamani ni kumlipa fundi mara mbili.

Wakati mwingine mla klachi ni mwalimu mwenyewe. Pedali zake za upande wa kushoto zimeunganishwa na za dereva kwa chuma au kwa waya, na akizoea kupumzisha mguu juu ya ile ya klachi, pleti inateleza kidogo kidogo kutwa nzima. Za waya zina tatizo lake: waya unalegea, pedali inakwenda chini na breki inachelewa. Kila asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, mwalimu akanyage pedali yake na mtu atazame ile ya dereva: zishuke pamoja na kurudi pamoja. Kapeti lililokunjamana chini ya pedali ya breki nalo litolewe. Pedali za kuchomelewa mtaani bila kipimo sizipendi hata kidogo. Weldingi ikipasuka, inapasuka siku mwalimu amekanyaga kwa nguvu zote.

Kukua kwa shule kumefuata magari ya mtaani. Baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu bodaboda na bajaji kubeba abiria kwa malipo, pikipiki zikawa na wanafunzi wao. Kisha IST, Vitz na Passo kutoka Japani, nyingi zikiwa otomatiki, zimewaleta wanaouliza kwa nini wahangaike na gia. Kenya wameitengea otomatiki daraja lake la leseni, B1. Ushauri wangu ni kuanza na gia za mkono; akishazimudu, otomatiki haitamsumbua, ila kinyume chake kinamtaka aanze upya. Shida ni kuyapata magari hayo katika hali nzuri, ndiyo maana Probox ya gia za mkono haikai sokoni.

Jambo lisilosubiri shule ikue ni kumbukumbu. Mwanafunzi apate kwanza leseni ya kujifunzia kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), ndipo aingie barabarani. Kila kipindi kiandikwe: tarehe, saa, alichofanya, sahihi yake na ya mwalimu. Bila hivyo, akishindwa mtihani wa trafiki na kusema alipewa vipindi 12 kati ya 20, huna cha kumwonyesha.

Gari la pili liwe la aina ileile ya la kwanza, ili klachi, mikanda na matairi viwe vya kuazimana. La zamani libaki uwanjani kwa wanaoanza, kwenye koni na kurudi nyuma. Jipya liende barabarani na waliokwisha kuacha kuzima.