Kwa Nini Bahari Huleta Mkojo

Mtu akisimama baharini maji yakamfika shingoni, muda si mrefu hubanwa na mkojo. Hapa Tanga jambo hili analijua kila aliyewahi kuogelea Raskazone, ingawa si wengi wanaolitaja mbele za watu, na wanaolitaja husema kwamba ni baridi. Mvuvi mmoja mtu mzima niliyempa shikamoo na kumuuliza alinikatalia katakata: "Si baridi, mwanangu. Hata wakati wa kaskazi, maji yana moto, mkojo uko palepale." Nadhani mzee huyo yuko karibu zaidi na ukweli kuliko sisi tuliosoma. Baridi huchangia, lakini watafiti waliowakalisha watu kwenye maji ya nyuzi 34 au 35, ambayo ngozi haiyahisi kuwa ya baridi wala ya moto, waliona mkojo ukiongezeka vilevile, kwa hiyo sababu kubwa haina budi kutafutwa kwingine, na kwingine kwenyewe ni moyoni.

Tunaposimama nchi kavu, damu nyingi hutuama miguuni na tumboni, ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ambayo kuta zake ni laini na hutanuka kwa urahisi. Maji ya bahari huibana miguu na tumbo kutoka nje, na kadiri kina kinavyozidi ndivyo yanavyobana zaidi, hata damu ya nusu lita au zaidi ikahamia kifuani. Huko hupokelewa na atiria, vyumba viwili vya juu vya moyo, ambavyo kuta zake ni nyembamba kuliko za ventrikali zilizo chini yake. Atiria zikijaa, kuta zake huvutika.

Pale vena kubwa zinapoingilia atiria pana ncha nyingi za neva ambazo kazi yake ni kuhisi mvutano huo. Mwaka 1953 mwanafiziolojia wa India, A. S. Paintal, alizigawa katika aina mbili: zile zinazotuma ishara atiria inapojikaza, na zile zinazotuma ishara atiria inapojaa. Ishara hizo hupanda kwa neva ya vagasi, neva ndefu inayounganisha ubongo na moyo, hadi kwenye shina la ubongo, na majibu hushuka bila mwenye moyo kuulizwa neno: neva za simpathetiki, zile zinazouweka mwili tayari kwa pilikapilika, hupunguza ishara zake kwenye figo, na tezi ya pituitari hupunguza kutoa vasopresini, homoni inayoziamuru figo zisiachie maji. Ni kama boya la tangi, isipokuwa boya la tangi likipanda hufunga maji yanayoingia, ilhali hili la moyoni hufungulia yanayotoka.

Ushahidi wa mapema ulitokana na mbwa. Mwaka 1956 James Henry, Otto Gauer na wenzao walipenyeza puto dogo ndani ya atiria ya kushoto na kulijaza, na mkojo wa mbwa ukaongezeka ingawa hakuna tone la maji lililokuwa limeongezwa mwilini; neva ya vagasi ilipopozwa isipitishe ishara, ongezeko hilo likazimika. Kwa binadamu njia hii ya neva haina nguvu kiasi hicho, na sehemu ya kazi hufanywa na homoni inayotoka kwenye atiria zenyewe zinapovutika, ambayo dalili yake ilionyeshwa na Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada mwaka 1981, walipowadunga panya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye atiria na kuona figo zikitoa chumvi na maji kwa wingi.

Lipo suala linalonivutia zaidi ya mkojo. Mwaka 1915 Mwingereza Francis Bainbridge aliwaongezea mbwa kimiminika kwenye vena, na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Sasa, ikiwa atiria zilizojaa huharakisha moyo, kwa nini mtu aliye majini hadi shingoni haendi mbio mapigo? Nilimshika mpwa wangu kiganja, vidole viwili juu ya mshipa chini ya kidole gumba, kwanza akiwa amesimama mchangani, kisha akiwa ametulia ndani ya maji, nami nikasikia mapigo yakija taratibu zaidi, kila pigo likiwa limeshiba kuliko lilivyokuwa mchangani. Moyo uliojaa vizuri hutoa damu nyingi kwa kila pigo. Vihisi vingine, vilivyo kwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za shingoni na kwenye aota, ateri kuu kuliko zote, huiona nyongeza hiyo na kuuagiza moyo upunguze mwendo. Maagizo mawili yanakinzana, na kwa binadamu hili la pili ndilo linaloshinda mara nyingi. Kwa mbwa hali ni tofauti, na ndiyo maana matokeo ya Bainbridge hayapaswi kuhamishiwa kwetu yalivyo, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Ventrikali nazo zina neva zake, ambazo zikichochewa kwa nguvu hupunguza mapigo na kushusha presha. Albert von Bezold na mwenzake Hirt waliliona hilo tangu mwaka 1867 kwa kutumia sumu ya mmea.

Mambo huharibika moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo. Atiria hujaa mwezi hadi mwezi, kuta hubaki zimevutika, na zile ncha za neva hupoteza wepesi wake, kiasi kwamba chumba kimefurika lakini ubongo haupati taarifa kamili. Figo huendelea kuzuia chumvi na maji, na mgonjwa huvimba miguu, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Ndiyo sababu hupewa dawa za kukojosha kama furosemidi, ambayo hufanya kazi ndani ya figo zenyewe bila kusubiri habari kutoka kwenye neva hizo.