Kila Mtu Mjini Kwake

Desemba ni mwezi wa mavuno kwa sisi tunaoimba muziki wa kantri nchini Kenya. Hoteli, baa na kumbi za mikutano huanza mapema kutafuta mtu wa kuvaa kofia pana na buti, aimbe zile nyimbo ambazo watu walizisikia redioni wakiwa watoto, na mwimbaji mwenye akili hakatai kazi katika mwezi huo kwa sababu Januari hakuna anayempigia simu. Ndiyo maana, kufikia Desemba 2016, nilikuwa sijala Krismasi nyumbani kwetu katika kaunti ya Kakamega kwa miaka tisa mfululizo. Kila mwaka nilimtumia mama pesa za nyama, unga wa ngano na mafuta ya kupikia kwa M-Pesa, na nilipopata ujumbe kwamba zimepokelewa nilihesabu kwamba nami nimefika.

Muziki huu niliupata kwa baba, aliyekuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isifumuke. Jim Reeves, mzaliwa wa Texas, alikufa katika ajali ya ndege mwezi Julai 1964, muda mrefu kabla sijazaliwa, lakini kijijini kwetu alifufuka kila Desemba, kwa maana albamu yake ya Krismasi, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa bado inapigwa kana kwamba imerekodiwa juzi. Babu yangu, ambaye alipiga shiriri, ile fidla ya Waluhya, hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini alikuwa akisikiliza kwa makini na kusema kwamba mtu yule analilia kwao. Alikuwa amepatia kabisa. Nyimbo nyingi za Krismasi za kantri zina habari moja tu, ya mtu aliye mbali na ya taa iliyoachwa ikiwaka dirishani, nami nilizijua zote kwa moyo, pamoja na mahali pa kuvuta pumzi.

Mwaka huo nilikodi ukumbi mjini Naivasha, kando ya barabara izungukayo kusini mwa ziwa, kwa onyesho la Jumamosi, tarehe 24. Nilitegemea watu wa Nairobi ambao huja kupumzika katika hoteli za ziwani. Mwenye ukumbi alishikilia kwamba hakuna Krismasi ya kantri bila theluji, hivyo tukanunua pamba katika maduka yote ya dawa ya mji, tukaichambua na kuitandaza jukwaani na juu ya matawi ya saiprasi, huku jua la Naivasha likituchoma migongo kupitia mabati. Pamba hiyo iliganda kila mahali: kwenye nywele za mpiga dramu, kwenye nyuzi za gitaa, na kwenye ukingo wa kofia yangu. Mpiga besi, ambaye mama yake alikuwa Nyeri, aliniomba ruhusa aondoke mapema ili awahi gari, nami nikamjibu kwa ukali kwamba kwa watu wa kazi yetu Krismasi ni kazi. Alinyamaza na kuendelea kukaza nyuzi zake.

Saa moja jioni ukumbini walikuwamo watu kumi na watatu. Niliwahesabu mara mbili kutoka nyuma ya pazia. Wageni wa Nairobi walikuwa wamebaki katika hoteli zao, ambako kulikuwa na nyama choma na muziki wao. Muda si muda mlinzi wa mlangoni akaja kuniambia kwamba nje kuna umati unaouliza kama kiingilio kinaweza kupunguzwa. Walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kutoka mitaa ya Karagita na Kamere, wengi wao wenyeji wa magharibi kama mimi. Waridi halijui sikukuu. Likishakatwa lazima liingizwe kwenye baridi, lipakiwe kwenye lori kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha lisafirishwe hadi Uholanzi, kwa hiyo baadhi yao walikuwa na zamu asubuhi ya Krismasi. Wengine walikuwa na likizo lakini nauli ya kwenda kwao ilikuwa imepanda maradufu wiki hiyo, kama ilivyo desturi ya wenye magari. Niliwakubalia waingie kwa shilingi 100 badala ya 500. Nisijisifu: haikuwa huruma. Ukumbi mtupu humwaibisha mwimbaji kuliko mfuko mtupu.

Katika ratiba nilikuwa nimeweka somo kutoka Injili ya Luka, sura ya pili, kwa sababu moja tu, nipate nafasi ya kubadilisha shati. Msomaji niliyemkodi hakutokea, basi kijana mmoja aliyekuja na mabuti ya mpira ya kazini akajitolea. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, habari za amri ya Kaisari na watu kwenda kuandikwa, na alipofika penye maneno "kila mtu mjini kwake" akasita. Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Na nauli iko wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka nyuma ya pazia, vifungo vya shati vikiwa nusu, kisha kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale kila mwaka tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba habari ya Krismasi inaanza na watu walio safarini kwenda kwao.

Nilirudi jukwaani nikaanza wimbo wa kijana anayesubiriwa na mama yake. Nilipofika kiitikio niliona simu zimeinuliwa juu, nikadhani wananirekodi, nikanyoosha mgongo. Lakini walikuwa wamepiga simu makwao, na walizielekeza kwenye vipaza sauti ili walio nyumbani nao wasikie. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alinikaribia wimbo ulipokwisha, akaninyoshea simu yake.

"Kaka, tafadhali msalimie mama. Hataki kuamini kwamba niko mahali pazuri."

Niliipokea mkono mmoja, kipaza sauti kikiwa bado mkono wa pili, na kila mtu akasikia.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

Nilimtajia kijiji chetu. Akafurahi sana, kwani palikuwa mwendo mfupi kutoka kwake, kisha akaniuliza jambo ambalo kwake halikuwa la kuwazwa mara mbili: "Basi wewe unakuja na gari gani?"

Hakuuliza kama nakwenda. Nilitazama nyuso zilizokuwa zikinitazama, na ile pamba miguuni pangu, nikasema uongo wa kwanza ulionijia: "La usiku, mama." Watu walipiga makofi kwa nguvu, na nilipogeuka nilikuta mpiga besi ananiangalia bila kutabasamu.

Tulimaliza kabla ya saa sita. Nilimpa mpiga besi fedha zake kabla ya wengine wote, nikamwomba radhi, naye akaondoka akikimbia. Baada ya kulipa ukumbi na bendi nilibakiwa na nauli na chenji kidogo. Saa nane usiku nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, nikipungia mkono mabasi yaliyonipita yamejaa mpaka kiti cha kondakta, hadi moja likasimama. Nilikaa kwenye ujia juu ya kasha la gitaa langu, magoti yakiwa kidevuni. Palipambazuka tukiwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, mama yuko kanisani, na jogoo amefungwa mguu chini ya mparachichi. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na buti zangu za mtumba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, hadi nilipomwona akija na wenzake, kitenge kipya kiunoni. Alisimama hatua chache kutoka nilipokuwa.

"Wamekufuta kazi?"

"Hapana, mama."

Akanisogelea, akanyofoa kitu kwenye ukingo wa kofia yangu na kukigeuzageuza vidoleni. "Na hii pamba?"

Nikamwambia kwamba ni theluji. Alinitazama kidogo, akaipeperusha, kisha akaingia ndani na kutoka na kisu, akanielekeza kwa kidevu upande wa mparachichi.