Jinsi nilivyolipwa fidia ya gari baada ya madai kukwama

Mwaka jana gari langu liligongwa kwa nyuma katika Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, na dereva mwenzangu, ambaye hakubisha kosa, alikuwa na bima ndogo, yaani ile inayomlinda mtu wa tatu. Trafiki alipima, akachora ramani ya ajali, nami baadaye nikapeleka madai kwa kampuni iliyomkatia bima. Jibu lilikuwa moja: gari hilo halimo kwenye kumbukumbu zao.

Nilirudi mara tatu, nikaandika barua, nikampigia simu dereva mwenyewe, naye akasisitiza kwamba amelipia. Yote hayakusaidia.

Hatimaye nilifungua mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambamo yeyote anaweza kuingiza namba ya gari na kuona kama bima yake ni hai. Niliingiza namba iliyokuwa kwenye fomu ya polisi, sikupata kitu. Nikaingiza ile iliyoonekana kwenye picha niliyopiga pale pale barabarani, na bima ikatokea. Herufi ya mwisho ilikuwa D, kwenye fomu ikaandikwa O. Mwandiko wa haraka juani, ndivyo ulivyo.

Nilirudi kituoni na picha hiyo, fomu ile ya polisi, PF 90, ikasahihishwa, nikaiambatisha na PF 93, ripoti ya mkaguzi wa magari, pamoja na makadirio ya gereji, na safari hii madai yalipokelewa, kisha nikalipwa.