Kaseti ya kupamba

Mwaka 2014 nilikuwa nimeanza kutengeneza filamu fupi kwa picha zilizopigwa na watu wengine zamani. Khalati, dada yake mama, alikuwa na kaseti za VHS za harusi za Mombasa chini ya kitanda. Nilipomwomba, alisema njoo na deki yako, tutazame pamoja kwanza.

Unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe ukingoni mwa utepe, na ukiitia kaseti hivyo hivyo unachafua kichwa cha deki. Nikazifungua kwa bisibisi, nikapangusa. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya saa tatu huingia kwenye kompyuta kwa saa tatu. Tulikaa hadi usiku.

Nikahi ya msikitini haikuwa na jambo. Iliyofuata ilikuwa kupamba ya 1993, sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa: ukumbi wa wanawake peke yao, vugo, zile pembe zinazopigwa kwa vijiti, linalia, mabuibui yamevuliwa, mpigaji video mwenyewe mwanamke. Khalati akawa anawataja: huyu yuko Muscat, huyu London, huyu Mungu amrehemu. Mimi tayari nilikuwa nakata filamu kichwani.

"Mwanangu," akasema, "hawa walivua buibui mbele ya wenzao. Wewe na watu wako hamkualikwa."

Wenzangu wengi wa kazi hii huona picha ya kuokota ni halali ya aliyeiokota. Ningemjibu hivyo khalati, ningerudi na deki tupu.

"Na mikono ya hina je?"

Akafikiri. "Mikono sawa. Ila huyo mwenye pete kubwa, mji mzima unaijua pete yake."

Basi nikabaki na mikono isiyo na pete, visigino, pindo za leso, pembe za vugo na vijiti vyake, feni ya darini. Ili nyuso zitoke nje ilibidi nikuze pembe za picha, na VHS ina mistari kama 240 tu ya upana; ukiikuza, rangi nyekundu inavuja na hina inakuwa moshi. Sikuisafisha hata kidogo. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuunganisha, na nisingezitafuta kama ningeruhusiwa nyuso.

Sauti niliiacha nzima. Khalati alipotazama, kigelegele cha kwanza hakijaisha, akamtaja aliyekipiga kwa jina lake na la baba yake.

"Huyo tumfanyeje?" nikauliza.

"Huyo mwache. Hata hapo ukumbini alitaka asikike Lamu."