Jicho limetoka kwenye karatasi: kikao cha 11, Mikindani

Jana usiku imekubali. Miezi minne nimepigana na ujuzi mmoja tu kati ya kumi na nane, na jana kwa mara ya kwanza watu wanne wamekaa barazani kuanzia baada ya Isha hadi karibu saa sita bila hata mmoja kusema, "Na mimi narusha."

Mchezo ni uleule, wa kuigiza wahusika kwa kusimulia na kurusha dadu, ninaoubuni mwenyewe. Mtepe mmoja (chombo cha zamani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba), watu wanne, safari ya kutoka Kilwa kwenda Sofala, Msumbiji ya leo, kufuata dhahabu, muda mfupi baada ya Ibn Battuta kupita Kilwa mwaka 1331. Dadu mbili za pande sita, unatafuta 8 kwenda juu, unaongeza kiwango chako cha ujuzi. Kilichobadilika ni karatasi ya mhusika: ujuzi wa Jicho, yaani wa kuona na kusikia, nimeufuta.

Toleo la kwanza lilikuwa la fani. Nahodha, fundi, mganga, mfanyabiashara, kila fani na mambo yake, basi. Uzuri wake ulikuwa kasi: mgeni akifika, anachagua fani, anapewa karatasi, ndani ya dakika kumi yuko majini. Liliniharibikia kwenye kikao cha pili tu, na aliyeliharibu ni dada mmoja anayeuza pweza sokoni. Alikuwa nahodha. Walipotua kisiwani akataka kutafuta majani ya kumtibu mwenzake, nikamwambia hiyo ni kazi ya mganga. Akaniangalia. "Kaka, mimi nikichomwa na mwiba baharini nasubiri mganga atoke wapi? Mama kanifundisha majani tangu nikiwa mdogo, na bahari kanifundisha baba."

Sikuwa na jibu. Huku kwetu nani ana kazi moja? Jirani yangu msimu wa korosho yuko shambani Tandahimba, korosho zikiisha anarudi pwani kuvua, na katikati anatengeneza pikipiki. Ukimwandikia fani moja umemwandika nusu. Nikabomoa toleo lote na kuhamia kwenye ujuzi: kumi na nane, alama 24 za kugawa, kila mtu ajenge mtu wake. Jioni nzima ya kwanza iliishia kwenye kugawa alama, lakini watu waliotoka pale walikuwa watu. Yule dada akapata nahodha wake anayejua majani. Mpaka leo siirudii fani kwa mchezo huu.

Ila ujuzi ulikuja na Jicho.

Jicho ni kuona, kusikia, kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Karibu kila mfumo wa ujuzi unao, kwa jina moja au jingine; kwenye mchezo wa Call of Cthulhu wa 1981 upo, na D&D (Dungeons & Dragons) ya 2014 inao pia. Nikauweka bila kufikiri. Kosa la kwanza ni hapo.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyoninyima usingizi. Mtu asiye na kitu, dadu mbili, 8 kwenda juu: nafasi 15 kati ya 36, kama asilimia 42. Mtu mwenye kiwango cha 3, aliyetumia alama nyingi ili awe macho ya chombo: asilimia 83. Tofauti kubwa, haki yake. Lakini mimi msimuliaji, ninayeongoza mchezo, nikisema "kuna kitu kwenye upeo wa macho," kila mtu anarusha. Watu wanne wasiojua kitu, kila mmoja na asilimia 42 zake, nafasi kwamba angalau mmoja ataona ni asilimia 88. Nimeirudia hesabu hii kwenye kaunta buku mara tano kwa sababu sikuamini. Wajinga wanne wanamshinda mjuzi mmoja! Mchezaji wangu mwenye Jicho 3, fundi wa boti, kijana mpole sana, alikosa mara mbili mfululizo huku mfanyabiashara asiye na hata alama moja akiona tanga la maharamia. Aliweka dadu chini taratibu, akasema, "Basi alama zangu nimezitupa." Alikuwa na haki kabisa.

Dawa ya kwanza: kumkata 3 kwenye jumla ya dadu asiye na ujuzi, kama mchezo wa Traveller wa matoleo ya karibuni unavyofanya. Asilimia 42 ikashuka hadi 8. Wanne kwa pamoja wakabaki na asilimia 29. Kwenye karatasi ilipendeza. Mezani ilikuwa janga, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa kipofu. Kikao kilichofuata kila mmoja kanunua Jicho. Ikawa kodi ya kichwa: hulipi kwa kupenda, unalipa kwa sababu unaishi.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka kanuni ya kukua iliyozidisha ubaya. Nilifuata njia ya mchezo wa RuneQuest wa 1978: ujuzi uliotumia ukafanikiwa unauwekea tiki, mwisho wa kikao unarusha, ukibahatika unapanda. Napenda sana njia hiyo. Mtu anakuwa hodari wa kile anachokifanya, kama maisha. Lakini unakifanya nini zaidi kwenye safari ya bahari? Unaangalia. Kushona mbao ulirusha mara moja kwa kikao, kupatana bei mara mbili, kuangalia mara kumi. Kufika kikao cha 6 wote wanne walikuwa na Jicho 2, na nafasi ya wote kukosa kwa pamoja ilikuwa chini ya 1 kwa 100. Kurusha dadu kukawa desturi tu. Hakuna siri iliyobaki siri.

Dawa ya pili: anarusha mmoja tu kwa niaba ya chombo. Wengine watatu wakawa abiria. Dawa ya tatu: hakuna kurusha, namba ya kudumu ya kila mtu, kama D&D inavyofanya kwa kuchukua 10 na kuongeza nyongeza ya ujuzi wa mtu. Hii ilinikatisha tamaa kuliko zote. Namba zao ninazo mimi. Ninapoandika "mtego huu unahitaji 12" tayari najua nani ataona. Basi si naamua mwenyewe tu? Dadu za nini tena? Dawa ya nne, kupandisha bei ya Jicho mara mbili, haikudumu hata kikao kimoja, wakalipa.

Kilichonitoa ni tukio dogo la kikao cha 9. Mtepe unaingia kwenye ghuba, jioni, upepo wa kaskazi umelegea. Nilikuwa na mwamba chini ya maji na nikataka kusema "rusheni Jicho." Kabla sijafungua mdomo, yule dada wa pweza akauliza, "Maji yana rangi gani hapo mbele?" Nikajibu bila kufikiri: kijani kibichi, na kuna mstari wa kahawia. Akasema, "Geuza. Huo ni mwamba, na maji yanatoka." Hakurusha kitu. Nikakaa kimya na kalamu mkononi. Alikuwa ameona kwa Bahari, ujuzi wake wa Bahari, kiwango cha 3. Jicho lilikuwa halina kazi pale kabisa.

Nikakumbuka habari ya mwizi. D&D ya 1974 ilianza na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi, kasisi. Mwaka 1975 ikaongezwa fani ya mwizi, yenye asilimia zake za kunyata na za kutegua mitego. Kabla ya hapo anayetaka kunyata alieleza anavyonyata, msimuliaji akaamua. Fani moja ilipoandikiwa namba ya kunyata, meza nyingi zikaanza kuona kwamba wengine hawaruhusiwi. Namba ikala maelezo. Jicho langu lilifanya hivyohivyo kwa kila kitu: mtu hakuuliza tena rangi ya maji, alirusha.

Kwa hiyo kanuni mpya ni hii, na imeingia mstari mmoja: anayejua ndiye anayeona. Kila ujuzi una jicho lake. Bahari inaona mwamba, mkondo, tanga la mbali ni la nani. Useremala unaona kamba ya usumba iliyolegea kwenye mshono wa mtepe. Biashara inaona mizani iliyochezewa. Mwenye kiwango cha 1 kwenda juu anaambiwa bila kurusha; mbunifu wa michezo Robin D. Laws alishalifanya hili kwenye michezo ya upelelezi ya GUMSHOE, kwamba kidokezo cha lazima apewe mwenye ujuzi, asinyimwe na dadu. Asiye na ujuzi anaambiwa kile macho ya kawaida yanaona, bila maana yake. Dadu zinakuja baadaye, unapotaka kufanya jambo kuhusu ulichoona.

Jana nilijaribu kwa mshono. Usiku, katikati ya maji, nikawaambia wote: kuna maji miguuni, kidogo, ya vuguvugu. Watatu wakaangaliana. Fundi wa boti, yuleyule aliyesema alama zake amezitupa, nikamwinamia nikamnong'oneza: mshono wa tatu kutoka omo, upande wa kulia, kamba imelika, na imelika kwa kisu. Alinyanyuka kwenye mkeka. Kweli alinyanyuka. Akawaambia wenzake kuhusu kamba, kuhusu kisu akanyamaza, akaanza kuwatazama mmoja mmoja. Saa nzima iliyofuata sikuwa na kazi; walisukuma mchezo wenyewe. Nimeandika haya nikiwa bado nasikia sauti yake akisema, "Nani kalala karibu na omo?"

Kuna tundu moja limebaki: kuvamiwa. Mshale unatoka kichakani, nani anaustukia? Kwa sasa naangalia nani alishasema amesimama wapi na anafanya nini. Aliyesema "mimi zamu, nimekaa tezi" anastuka kwanza. Inatosha, ingawa mwalimu wa hesabu (mchezaji wetu wa nne) anasema atanidai kanuni iliyoandikwa, na akidai huwa harudi nyuma.

Kuhusu vifaa, nimeacha kabisa programu za kurushia dadu kwenye simu. Ni za haraka na hazikosei, lakini kila mtu anainamia kioo chake na macho hayakutani. Dadu zangu nimezitoa kwenye seti za ludo za dukani. Ndogo, kona zake za mviringo, lakini zinalia zikigonga sinia na wote wanageuka kutazama. Za pande kumi (mbili kwa pamoja zinatoa namba ya 1 hadi 100) niliziagiza mtandaoni mwaka jana, hela ikaenda, dadu hazikufika, na hiyo ndiyo sababu hasa mfumo huu haukuwa wa asilimia. Sijutii tena. Karatasi za wahusika nachora kwa rula kwenye kaunta buku, napeleka steshenari kutoa nakala. Majedwali ya simu nilijaribu. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, mhusika wako naye kalala.

Wiki hii nilipanga kuandika upya kanuni ya kukua, maana Jicho likiondoka hesabu ya alama 24 inabadilika. Sijagusa. Sababu ni kauri. Jumapili nilipita ufukweni maji yakiwa yametoka, nikarudi na maganda kumi na mawili mfukoni, na wazo halijaniacha: badala ya kuongeza kiwango kwenye dadu, unarusha kauri nyingi kadiri ya ujuzi wako, unahesabu zilizoangukia mgongo, mdomo juu. Bahari 4, kauri nne mkononi. Uzito wa ujuzi unausikia kwenye kiganja.

Shida ni kwamba kila kauri ina tabia yake. Nimeitupa moja kubwa mara 100 kwenye mkeka, mdomo juu ikatoka mara 38. Ndogo yenye tumbo bapa ikatoka mara 57. Mwalimu anasema nizichague zilizo karibu na nusu, niachane na nyingine. Mimi nimeanza kujaza nta ndani ya ile kubwa, kidogokidogo, nikiitupa tena kila baada ya tone. Bibi alinikuta ukumbini nikihesabu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akazitazama kauri kwa muda, akauliza, "Mwanangu, unapiga ramli?" Nikamwambia hapana bibi, ni mchezo, nikamweleza mtepe na safari ya Sofala. Akaketi. Akaokota ile ndogo, akaigeuza chini ya taa, akasema za namna hii zilizokomaa zinapatikana zaidi upande wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji.

Kesho asubuhi navuka.